Unga wa kijani na hesabu ya kijiko

Karibu kila tangazo la unga wa majani ya mlonge huja na orodha ileile: vitamini C mara saba ya chungwa, kalsiamu mara nne ya maziwa, vitamini A mara nne ya karoti, potasiamu mara tatu ya ndizi, protini mara mbili ya maziwa. Orodha hiyo haikuokotwa hewani. Ilitokana na vipimo vya maabara vya majani ya mti huo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilienezwa kwa nguvu na watu wa mashirika ya misaada walioona mlonge ungesaidia kupambana na utapiamlo. Kasoro yake iko kwenye mizani. Upande mmoja zimewekwa gramu 100 za majani, upande wa pili gramu 100 za maziwa, kana kwamba mtu hula vyote viwili kwa kiasi kimoja. Gramu 100 za maziwa hazifikii nusu ya bilauri. Mtoto anazimaliza kwa mafunda machache. Gramu 100 za unga mkavu wa majani ni kama vijiko 20 vya chakula. Sijamwona mtu anayekula vijiko 20 vya unga wa mlonge kwa siku, na nikimwona nitamshauri aache.

Ndani ya orodha hiyo kuna jambo jingine ambalo wauzaji huliruka. Ile "mara saba ya chungwa" ni sifa ya majani mabichi, ambayo yana takriban miligramu 220 za vitamini C katika gramu 100. Vitamini C haivumilii joto, wala hewa, wala kukaa muda mrefu. Majani hayo yakishakaushwa na kusagwa, vipimo vilevile vinaonyesha miligramu 17 hivi. Chungwa la ukubwa wa wastani lina miligramu kama 70. Anayetaka vitamini C ya chungwa moja kutoka kwenye unga itambidi ale karibu gramu 400 za unga huo. Hata hivyo picha ya chungwa bado imebandikwa kwenye pakiti ya unga, na anayeiona anaamini.

Siuandami mlonge, wala majani machanga ya ngano na shayiri, wala spirulina na klorela, viumbe vidogo vya kijani vya majini vinavyokaushwa na kuuzwa kama unga. Ninachokataa ni namna tunavyouziwa vitu hivi na namna tunavyovinywa. Unga wa kijani ni mboga iliyoondolewa maji. Ukiutia katika chakula kwa hesabu hiyo, una kazi ya maana. Ukiumeza asubuhi kama dozi, ukingoja ufute yale yote usiyokula mchana na usiku, umejipa matumaini ambayo kijiko hakiwezi kuyabeba.

Tuhesabu basi kwa kijiko, si kwa gramu 100. Nichukue kijiko cha chakula kilichosawazishwa, gramu 5 hivi, cha unga wa mlonge wenye protini gramu 27, kalsiamu miligramu 2,000, chuma miligramu 28 na nyuzinyuzi gramu 19 kwa kila gramu 100, kama vipimo vinavyotumiwa sana vinavyoonyesha. Kijiko hicho kinatoa protini gramu 1.3, kalsiamu miligramu 100, chuma miligramu 1.4 na nyuzinyuzi gramu 1. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 48 kwa siku. Bilauri ya maziwa ina kalsiamu karibu miligramu 300. Mwanamume anahitaji chuma miligramu 8 kwa siku. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji 18. Kwenye protini, kwa hiyo, kijiko chetu hakina la kujivunia. Kwenye kalsiamu kinafika theluthi ya bilauri. Kwenye chuma ndipo kinapoanza kuonekana, japo hapo nako kuna neno, nitalifikia.

Spirulina ndiyo inayosifiwa zaidi kwa protini, na ikipimwa kavu sifa hiyo inaistahili: zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, kiwango ambacho nyama mbichi haikifikii. Lakini kijiko chake kimoja cha chakula, gramu 7 hivi, kinatoa protini gramu 4. Yai moja lina 6. Mtu anayekula yai asubuhi hajioni kuwa amepata chakula cha ajabu, na hakuna anayelipigia yai picha likiwa limezungukwa na miale ya jua.

Namba zote kubwa zinazotuzunguka zinaelezwa na jambo moja tu: maji. Jani bichi lina maji asilimia 75 hadi 90, kutegemea aina. Likikaushwa, kilichobaki kinajikusanya, na kila kitu ukikipima kwa uzito kinaonekana kimeongezeka mara nne, mara tano, hata mara kumi. Hakijaongezeka. Kijiko cha gramu 5 za unga ni gramu 20 hadi 50 za majani mabichi, yaani konzi moja, tena konzi iliyopoteza sehemu ya vitamini njiani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Konzi hiyo si kitu cha kudharau. Ila ni konzi.

Ulinganisho wa namna hii una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1930, mkemia wa kilimo wa Marekani, Charles Schnabel, aliwalisha kuku wake dhaifu majani machanga ya nafaka yaliyokaushwa. Wakapata nguvu na kutaga zaidi. Ugunduzi wake kuhusu kuku ulikuwa na mantiki, maana lishe ya kuku wa wakati ule ilikuwa na mapengo mengi. Lakini kauli inayobebeshwa jina lake, kwamba ratili 15 za majani ya ngano zina thamani ya ratili 350 za mboga za bustani, ndiyo iliyodumu, na hadi leo unaweza kuikuta imegeuzwa kuwa uwiano wa moja kwa 23. Ann Wigmore, aliyeieneza juisi ya majani ya ngano akiwa Boston, alivuka mpaka kabisa. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Massachusetts alimfungulia mashtaka mwaka 1982 kwa madai yake kuhusu kisukari, kisha tena mwaka 1988 kwa madai kuhusu UKIMWI. Ndivyo unga na juisi za kijani zinavyofanya zikiachiwa huru: huanza na kuku aliyetaga, huishia na mgonjwa anayeshawishiwa aache dawa.

Historia ya klorela ina funzo la aina nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanasayansi waliohofia kwamba watu wangeongezeka kupita chakula waliutazama mwani huu mdogo usioonekana kwa macho kama mkombozi. Mwaka 1951 mtambo wa majaribio ulijengwa Cambridge, Massachusetts, kuona kama ungeweza kuzalishwa kwa wingi. Ulizalika, ila kwa gharama kubwa: maji yasukumwe kwa pampu, mwani uchujwe, ukaushwe, halafu ukuta wa seli zake ni mgumu kiasi kwamba tumbo haliufaidi vizuri mpaka upasuliwe kiwandani. Njaa iliyokuwa ikiogopwa ilikabiliwa zaidi kwa mbegu bora za nafaka na mbolea. Klorela nayo ikahamia kwenye vidonge na makopo ya watu walioshiba. Kitu kilichokusudiwa kuwa chakula cha wenye njaa kimegeuka nyongeza ya wenye nacho, na sidhani kama hilo limetokea kwa klorela peke yake.

Wapo watu ambao unga wa kijani kwao haujawahi kuwa nyongeza. Kandokando ya Ziwa Chad, katika eneo la Kanem, wanawake huvuna spirulina kutoka kwenye madimbwi yenye maji ya magadi, huichuja, huianika juani mpaka ikawa vipande vikavu, na vipande hivyo huitwa dihé. Mwanabotania wa Ubelgiji Jean Léonard aliikuta huko katika miaka ya 1960, na tangu hapo dunia ya maabara ikaanza kuichunguza. Wenyeji hawaiyeyushi kwenye maji wakaimeza huku wamefumba macho. Huisaga, huitia kwenye mchuzi wenye nyanya, pilipili, samaki au nyama, na mchuzi ule humwagwa juu ya mtama. Huko Mexico ya kale, kwenye Ziwa Texcoco, Waazteki nao waliivuna na kuiuza sokoni ikiwa imekaushwa vipande vipande. Wahispania walioingia karne ya 16 waliandika habari zake. Katika sehemu zote mbili ilikaa pamoja na vyakula vingine, ndani ya mlo, mikononi mwa wapishi.

Mchuzi ule wa Kanem una akili ya lishe kuliko bilauri ya asubuhi, na sababu zake zinaweza kuelezwa kikemia. Beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka katika mafuta. Vitamini K vilevile. Ukivinywa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa inapita tu na kutoka. Mafuta kidogo kwenye chungu yanabadilisha hesabu. Chuma cha majani nacho ni cha aina ngumu kufyonzwa. Mwili hupata sehemu ndogo yake, wakati mwingine chini ya asilimia 5, na sehemu hiyo huongezeka chakula kikiwa na vitamini C au nyama na samaki, na hupungua kukiwa na chai au kahawa. Ndilo neno nililoahidi. Zile miligramu 1.4 za kijiko zikinywewa na chai zinaweza kuufikishia mwili chuma kidogo mno. Zikiingia kwenye mchuzi wa nyanya na ndimu hali ni tofauti. Unga uleule, mlaji yuleyule.

Kalsiamu ina mkasa wake. Utafiti wa mwaka 1988 uliopima mwili unavyofyonza kalsiamu uligundua kwamba ya spinachi hufyonzwa kwa asilimia 5 hivi, ya maziwa asilimia 27. Spinachi ina kalsiamu nyingi, lakini imefungwa na oksaleti, kemikali ya majani inayoishika kalsiamu isifyonzwe, na lebo haiwezi kukuambia imefungwa kwa kiasi gani. Kuna majani yasiyo na oksaleti nyingi, kama yale ya jamii ya kabichi, ambayo kalsiamu yake hufyonzwa vizuri hata kuliko ya maziwa. Kwa hiyo pakiti mbili za unga wa kijani zenye namba moja ya kalsiamu zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa zikishafika tumboni.

Somo kubwa zaidi, kwangu mimi, lilitoka Indonesia. Mwaka 1995 Saskia de Pee na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa akina mama wanaonyonyesha huko Java Magharibi. Waliolishwa mboga za majani ya kijani kibichi hawakupata nafuu ya vitamini A iliyotarajiwa, ilhali waliopewa beta-karotini kiasi kilekile ndani ya biskuti laini walipata. Kumbe beta-karotini iliyojificha ndani ya seli za jani haitoki kwa urahisi namna vitabu vilivyodai. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walibadili uwiano rasmi: mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula zihesabiwe kuwa mikrogramu 1 ya vitamini A, badala ya 6 kama zamani. Kwa kalamu moja, thamani ya mboga zote za majani kwa vitamini A ilikatwa nusu. Matangazo mengi ya unga hayajapata habari hiyo. Ni kweli kwamba kusaga kunapasua sehemu ya seli hizo na kusaidia. Hapo unga una haki ya kujisifu kidogo. Lakini mafuta na moto wa wastani vinasaidia pia, na hivyo vinapatikana jikoni.

Jinsi ya kuutia kwenye chakula cha kila siku, kwa hiyo, haina siri. Vijiko viwili vya chai katika sufuria ya supu au mchuzi wa watu wanne haviharibu kitu. Kijiko cha chakula kwa kila mtu kinasikika mdomoni, hasa spirulina, ambayo ina harufu ya ziwa na haiombi radhi. Mahali pake ni kwenye chakula chenye ladha kali tayari: kitunguu, nyanya, tangawizi, pilipili, karanga zilizosagwa. Kwenye mayai ya kuvuruga unajificha vizuri. Kwenye unga wa mkate unageuza rangi kabla ya kugeuza ladha. Anayeutia kwenye juisi ya matunda anafanya vyema kwa upande wa chuma, mradi tunda liwe lenye vitamini C. Kuanza na kidogo kuna maana, maana tumbo ambalo halijazoea hulalamika kwa gesi.

Rangi nayo huwatisha watu bure. Unga ukipikwa, hasa kwenye mchuzi wenye asidi ya nyanya, ukijani unafifia na kuwa wa rangi ya zeituni. Kilichotokea ni kwamba molekuli ya klorofili imepoteza chembe ya magnesi iliyokuwa katikati yake. Magnesi yenyewe bado imo chunguni, na chuma na kalsiamu havijaenda popote, kwa kuwa madini hayaungui. Kinachopungua ni vitamini C, ambayo tumeshaona kwamba haikuwa nyingi, na folati, vitamini ya kundi B. Atakaye kuokoa folati atie unga mwishoni, dakika chache kabla ya kuepua. Rangi inayostahili kukutia wasiwasi ni ile ya unga mkavu: ukiuona umekuwa wa manjano au kahawia ndani ya chombo cha kioo kilichowekwa kwenye mwanga, jua limeshakula beta-karotini kabla yako.

Nitayapita haraka madai matatu, kwa sababu hayahitaji muda mrefu. La kwanza: klorofili inaongeza damu kwa kuwa inafanana na himoglobini. Kufanana kupo kweli. Hans Fischer alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930 kwa kazi yake juu ya molekuli hizo mbili, moja ikiwa na magnesi katikati, nyingine chuma. Lakini mwili hauna njia ya kutoa magnesi, kuweka chuma na kuigeuza klorofili kuwa damu. La pili: unga unaondoa asidi mwilini. Damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45 kwenye pH, kipimo cha asidi, kwa kazi ya mapafu na figo, na haingoji ruhusa ya kifungua kinywa. Kinachoweza kubadilika ni mkojo. La tatu ni alama za juu za antioksidanti zinazoandikwa kwenye makopo kwa kipimo kinachoitwa ORAC. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa hifadhidata yake ya ORAC mwaka 2012, ikieleza kwamba namba hizo za maabara hazionyeshi kinachotokea mwilini na zinatumiwa vibaya kuuzia bidhaa. Zaidi ya miaka kumi baadaye, bado zinauza.

Dai la nne siwezi kulipita haraka, kwa sababu linaumiza watu kimyakimya. Spirulina imetangazwa kwa miaka kama chanzo cha vitamini B12 kwa wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Sehemu kubwa ya B12 iliyomo ni ile ya bandia: inafanana na ya kweli kiasi cha kupita kwenye vipimo vya zamani vya maabara, lakini mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Ini huweka akiba ya B12 ya kutosha miaka kadhaa, hivyo anayeitegemea spirulina hataona dalili mapema. Zikija, huja kama ganzi ya miguu, uchovu, kusahausahau, na baadhi ya madhara ya mishipa ya fahamu hayarudi nyuma. Mtu huyo anahitaji kidonge cha B12 au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo, hata kama unga wake ni wa kijani kuliko wote duniani.

Sasa nifike mahali ambapo hoja yangu mwenyewe inabanwa. Nimesema unga uliwe kama mboga. Mboga huliwa kwa wingi, na hapo ndipo usafi wa unga unapokuwa jambo zito. Mimea huvuta risasi na kadimiamu kutoka udongoni, na kukausha kunakusanya metali hizo kama kunavyokusanya chuma. Umoja wa Ulaya unaruhusu risasi hadi miligramu 3 kwa kilo katika virutubisho vya nyongeza. Kiwango hicho kinavumilika mtu akimeza kidonge cha gramu moja. Lakini mtu anayekula gramu 10 za unga uliofika kwenye kikomo hicho anapata mikrogramu 30 za risasi kwa siku. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, hutumia mikrogramu 8.8 kwa siku kama kipimo cha tahadhari kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, na 2.2 kwa mtoto. Unga unaweza kuwa halali dukani na bado usifae kuliwa kwa vijiko viwili kila siku na mjamzito. Kwa hiyo cheti cha maabara kinachoonyesha kiasi halisi cha risasi katika shehena husika kina thamani kwangu kuliko neno "asilia" lililoandikwa kwa herufi za dhahabu. Muuzaji asiyeweza kukitoa amekujibu tayari.

Spirulina na jamaa zake wa majini wana hatari yao. Katika Ziwa Upper Klamath, jimbo la Oregon, huvunwa aina nyingine ya sianobakteria, kundi la viumbe wa majini ambamo spirulina nayo imo, ya kuuzwa kama chakula cha nyongeza, na ndani ya maji yale huota pia aina inayotengeneza maikrosistini, sumu ya ini. Mwaka 1997 Oregon iliweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa gramu. Watafiti walipopima sampuli 87, waliikuta sumu hiyo katika 85, na 63 zilivuka kikomo. Sumu hii haiuawi na moto. Ndiyo sababu spirulina iliyokuzwa katika mabwawa yanayosimamiwa, ambayo maji yake yana magadi makali kiasi kwamba viumbe wengine wachache tu huyastahimili, huaminika zaidi kuliko kilichokusanywa ziwani.

Bakteria nao wapo. Mwaka 2025 mamlaka za afya za Marekani zilihusisha mlipuko wa Salmonella na unga wa majani ya mlonge, na bidhaa zikaondolewa sokoni. Watu hudhani kitu kikavu hakibebi vijidudu, lakini Salmonella haikui kwenye unga mkavu, wala haifi. Hukaa miezi ikingoja maji. Hapa chungu kinashinda tena: mchuzi unaochemka unaiua, juisi baridi ya asubuhi inaifufua. Anayemwandalia mtoto mdogo, mzee au mgonjwa asitie unga usiopikwa.

Kuna watu ambao kwao kijiko si jambo la kujaribu kabla ya kumwuliza daktari. Anayetumia warfarin kuzuia damu kuganda ni wa kwanza, maana dawa hiyo hufanya kazi kwa kuzuia vitamini K, na majani ya kijani yamejaa vitamini K. Kwake hatari kubwa iko katika kubadilisha ghafla: leo vijiko vitatu, kesho hakuna, na vipimo vya damu vinayumba. Wagonjwa wa figo waliozuiwa potasiamu ni wa pili. Wenye matatizo ya tezi ya shingo waangalie kama mchanganyiko una mwani wa bahari, kwa sababu baadhi ya aina zake zina madini joto mengi kiasi kwamba gramu moja inazidi mahitaji ya siku, ambayo ni mikrogramu 150 tu. Na tunapozungumzia mlonge tunazungumzia majani. Mizizi na magome yake si chakula, hasa kwa mjamzito.

Imebaki michanganyiko, yale makopo yenye majina ya kifahari na orodha ya viambato visivyohesabika. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, haimlazimishi mtengenezaji kupata kibali cha FDA kabla ya kuuza kirutubisho cha nyongeza, na inamruhusu kuficha kiasi cha kila kiambato ndani ya "mchanganyiko maalumu", mradi ataje uzito wa jumla na apange majina kuanzia kilicho kingi. Chukua kopo linalotaja viambato 70 katika kipimo cha gramu 10. Wastani wa kila kimoja ni gramu 0.14. Cha kwanza kwenye orodha kinaweza kuwa gramu 6 za unga wa majani ya shayiri, halafu 69 vilivyobaki vikagawana gramu 4, na vile vilivyotajwa mwisho, ambavyo mara nyingi ndivyo picha zao zimepamba kopo, vikawa vumbi. Unga wa jani moja, uliotajwa jina, tarehe ya kusagwa na kipimo cha maabara, unaweza kuuhesabu kwa kijiko kama nilivyohesabu hapa. Kopo la viambato 70 huwezi kulihesabu.